Mama Anapotamani Udongo

Siku ya soko, karibu na vikapu vya ndizi na mafungu ya chinsaga, aghalabu huonekana mwanamke mmoja aliyeketi kando na gunia dogo lililokunjuliwa mdomo. Ndani yake hamna mahindi wala maharagwe. Mna vipande vya mawe laini, vya kijivu au vya hudhurungi, navyo vimepangwa mafungu mafungu kama omena. Wanunuzi wake karibu wote ni wanawake, na wengi wao ni waja wazito. Hununua upesi, hufunga katika ncha ya leso, wakaenda zao bila kubishana bei. Wanaume wapitao hujifanya hawakuona. Katika masoko ya Kisii na Nyamira, na Marani haikosi, mawe hayo hujulikana na watu wengi kwa jina la Kijaluo, odowa, maana nchi ya Wajaluo haiko mbali na bidhaa huvuka mpaka pamoja na samaki.

Si mawe peke yake yatamaniwayo. Yuko mama ambaye hukwangua udongo wa ukuta wa nyumba yake mvua inapoanza kunyesha, kwa sababu harufu ya udongo uliolowa humshinda nguvu. Yuko apendaye udongo wa kichuguu. Mwingine hutafuna mkaa, mwingine majivu, mwingine mchele mbichi gao kwa gao mpaka mfuko unakwisha. Mijini, penye majokofu, wako watafunao barafu mchana kutwa. Waganga wa Ulaya waliipa tabia hii jina la pika, nalo ni jina la Kilatini la ndege mmoja wa jamaa ya kunguru, ambaye yasemekana huokota kila kitu akutanacho nacho, kiwe chakula kisiwe chakula. Jina hilo si la heshima, lakini limekaa.

Jambo lenyewe ni la zamani sana, na katika lugha ya Kiswahili limo tangu kale. Wazee wa pwani walikuwa na neno safura, ugonjwa wa mtu kuvimba miguu na uso, kupauka, kuhema akipanda ngazi mbili, na kutamani udongo. David Livingstone aliandika habari za safura katika kumbukumbu zake za mwaka 1870, alipokuwa katika nchi ya Manyema, na kumbukumbu hizo zikachapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake. Aliambiwa kwamba watumwa wa Unguja walipatwa sana na ugonjwa huo, lakini akaona kwamba si wao tu. Hata watu wenye mali na vyakula tele walikula udongo, miguu ikavimba, nguvu zikawaishia, nao wakaendelea kula mpaka kufa. Watu wa wakati ule walidhani udongo ndio uletao ugonjwa. Jambo la maana ambalo hawakulijua ni kwamba katika wengi wa wagonjwa hao damu ilikuwa imekwisha kupungua, tena sababu ya kupungua kwake ilikuwa ndani ya matumbo.

Mdudu wa safura alikwisha kuonwa huko Milan, katika Italia, na daktari Angelo Dubini mwaka 1838. Ni mnyoo mdogo, urefu wake kama sentimita moja, nao hujishikiza katika utumbo na kunyonya damu. Lakini haikujulikana huingiaje mwilini. Miaka sitini baadaye daktari mmoja wa Kijerumani, Arthur Looss, alikuwa akifanya kazi Kairo. Siku moja maji yenye viluwiluwi vya mnyoo huo yalimmwagikia mkononi. Mkono ukamwasha, na baada ya majuma kadhaa akapata mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Ndipo ilipojulikana kwamba mnyoo wa safura kwa kawaida haumngojei mtu ale udongo. Hupenya ngozi, hasa ngozi ya nyayo, mtu anapotembea pekupeku mahali palipochafuliwa na vinyesi. Basi wale wa zamani walikuwa wameona mambo mawili ya kweli, udongo na ugonjwa, ila waliyapanga kinyume.

Katika Kenya jambo hili limechunguzwa kwa makini tangu miaka ya 1990. Mwaka 1997 P. W. Geissler na wenzake walichapisha habari za watoto 285 wa shule za msingi katika Nyanza. Watoto 73 katika kila mia walisema hula udongo kila siku, na kiasi chao cha kawaida kilikuwa gramu 28 hivi, yaani kama vijiko viwili au zaidi. Katika udogo wavulana na wasichana walikuwa sawasawa. Walipokua, wavulana waliendelea kuacha, bali wasichana wakubwa hawakuacha. Mwaka uliofuata watu hao hao walionyesha kwamba watoto walao udongo walikuwa na akiba ndogo zaidi ya madini ya chuma mwilini kuliko wenzao. Mwaka 1999 zikatolewa habari za Kilifi, katika pwani, ambako waja wazito 275 waliulizwa, na zaidi ya nusu yao walikuwa walaji wa udongo. Wengi walipenda ule wa kuta za nyumba. Huko Pemba, Sera Young wa Marekani na wenzake walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa waja wazito zaidi ya elfu mbili, nao waligundua kwamba mchele mbichi ulitafunwa na wengi kuliko udongo, na kwamba watafunaji walikuwa na upungufu wa damu kupita wengine. Mchele ni chakula, udongo si chakula, lakini hamu ni moja.

Sasa damu na chuma vina uhusiano gani? Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho himoglobini, nacho ndicho kichukuacho hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Mwili wa mtu mzima una chuma chote cha gramu tatu au nne tu, kiasi cha msumari mdogo. Ukiwa mchache hivyo, mwili haukitupi. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na ikifa chuma chake hutolewa na kutumiwa tena, kama seremala mwenye busara anyoshaye misumari ya mbao za zamani. Lakini damu ikimwagika nje, chuma hakirudi. Mwanamke humwaga damu kila mwezi. Akichukua mimba, mtoto na kondo na damu ya mama iliyoongezeka hudai pamoja karibu gramu nzima ya chuma. Akijifungua hupoteza nyingine. Na mwanamke azaaye watoto wanne katika miaka sita huwa kama shamba lipandwalo kila msimu lisitiwe samadi.

Akiba ikikwisha, dalili huja polepole, na upole huo ndio unaowadanganya watu. Mama huchoka mapema. Husikia moyo ukimdunda akipanda kilima na debe la maji, na vilima vya Marani si haba. Kizunguzungu humshika akiinuka. Ulimi huwa laini na kuuma. Ukifunua ukope wake wa chini, pale palipopasa kuwa pekundu huonekana pameupe. Viganja vyake navyo hupauka. Watu wa nyumbani husema ni mimba tu, au ni uvivu, na pengine wifi zake humcheka. Hamu ya udongo ni dalili mojawapo miongoni mwa hizo, na ubora wake ni kwamba huonekana bila vyombo vya daktari. Fungu la odowa katika ncha ya leso lingefaa kumshtua mume kama kifaranga kinachosinzia kimshtuavyo mwenye kuku.

Je, hamu hiyo huletwa na ukosefu wa chuma? Katika barafu ushahidi ni mkubwa. Mwaka 1969 daktari Charles Coltman wa Marekani alichapisha habari za wagonjwa waliotafuna barafu bila kujizuia, nao walipopewa chuma hamu ile iliwatoka katika siku chache, hata kabla damu yao haijarudi kuwa kamili. Katika udongo jambo si jepesi hivyo. Huko Lusaka, katika Zambia, watoto wa shule walao udongo waligawanywa, wengine wakapewa chuma na wengine hawakupewa. Habari zake zilitolewa mwaka 2004, na zilionyesha kwamba chuma peke yake hakikuwafanya waache. Hapana la kushangaza. Mtoto hujifunza kula udongo kwa mama yake na kwa dada zake, na kijana mwanamke huuhesabu kuwa sehemu ya uanamke. Mazoea yakiungana na haja ya mwili, dawa ya haja haiondoi mazoea siku moja. Wako pia wataalamu wasemao kwamba udongo huyatuliza matumbo ya mja mzito mwenye kichefuchefu, na yamkini wako sawa. Walakini wote wakubaliana katika neno moja: mlaji wa udongo yafaa apimwe damu, kwa maana uwezekano wa kuikuta imepungua ni mkubwa.

Mkulima wa Kisii atauliza swali la haki. Udongo wa huku ni mwekundu, na wekundu huo, kama alivyofundishwa na Bwana Shamba, ni wa chuma. Basi mwenye haja ya chuma akila udongo wenye chuma, si amefanya vema? Jibu ni kwamba chuma cha udongo kimekwisha kushika kutu, na matumbo ya mwanadamu hayawezi kukitoa humo ila kidogo sana. Alambaye jembe lenye kutu hapati damu. Tena udongo wa mfinyanzi una tabia nyingine mbaya zaidi: huvishika vitu vinavyopita karibu nao. Kama ushikavyo rangi na mafuta, ndivyo ushikavyo chuma cha maharagwe na mboga alichokula mama saa ile ile, ukatoka nacho nje. Mwaka 1961 Ananda Prasad na wenzake walieleza habari za vijana wa kiume katika nchi ya Iran waliokuwa wakila mkate na udongo. Walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na vimo vyao vilikuwa vifupi kana kwamba ni watoto. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba mbali na chuma walikosa pia madini ya zinki. Kwa hiyo hamu huanza kwa ukosefu, na kitu kinacholiwa huuzidisha ukosefu. Ni deni linalolipwa kwa kukopa tena.

Hatari nyingine zatosha kutajwa kwa ufupi. Udongo uliochotwa karibu na nyumba huwa na mayai ya chango, wale minyoo warefu wa mviringo. Uchunguzi uliofanywa Bondo na kutolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waja wazito walao udongo, wakisha kutibiwa, huambukizwa chango upesi tena. Mawe ya sokoni pengine huwa na risasi, sumu ambayo hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni, nayo haionekani kwa macho wala haitoki kwa kuchomwa motoni. Udongo mwingi hufunga choo, mpaka wengine hupelekwa hospitali kwa sababu hiyo tu.

Mtu wa Marani ana sababu yake ya pekee ya kuiangalia damu, nayo ni malaria. Wataalamu wa malaria ya milimani waliichagua Marani, pamoja na Iguhu na Emutete, kuwa mahali pa kuchunguza jinsi ugonjwa huo upandavyo vilimani. Mabonde ya Marani ni membamba, maji hayatuami sana, kwa hiyo mbu si wengi mwaka mzima kama walivyo kandokando ya ziwa. Hiyo ni baraka yenye ncha mbili. Mwili usiozoea malaria haujui kupigana nayo, na mwaka ambao mvua na joto vimepita kiasi, ugonjwa hupanda mlima na kuwakuta watu hawajajiandaa, watoto na watu wazima pia. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu kwa wingi katika siku chache. Mama aliyeingia msimu huo akiwa na akiba kamili huugua na kupona. Mama aliyeingia akiwa tayari hula odowa hana cha kupoteza.

Na malaria siyo mtihani wake mkubwa kupita yote. Mtihani huo ni saa ya kuzaa. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakowaua mama wengi katika Kenya kuliko sababu nyingine yo yote ya uzazi. Mwanamke mwenye damu tele aweza kupoteza nusu lita akakaa kitako akaomba uji. Mwenye damu chache, nusu lita hiyo hiyo humzimisha, na barabara ya kutoka kijijini mpaka hospitali penye damu ya kuongezewa haifupiki kwa sababu ya haraka yake. Uchunguzi wa vyakula uliofanywa na serikali mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kila waja wazito mia wa Kenya, zaidi ya arobaini walikuwa na upungufu wa damu.

Chakula cha Wakisii si kibaya hata kidogo, na wageni wengi wakionea wivu. Chinsaga, rinagu, emboga, enderema na majani ya maboga vyote vina chuma. Wimbi una chuma, maharagwe yana chuma. Wazee waliompikia mzazi chinsaga siku nyingi baada ya kujifungua hawakuwa wajinga. Lakini chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini, hutaka msaidizi, na msaidizi wake ni matunda yenye uchachu: machungwa, mapera, malimau, mapapai, hata nyanya mbichi. Mapera yaangukayo chini ya mti na kuachiwa ndege yangeongeza damu ya nyumba nzima kama yangeliwa pamoja na ugali, si kesho yake. Mboga zipikwapo kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa hupoteza mengi. Wapendao chinsaga iliyolainishwa kwa maziwa hawana haja ya kuiacha, bali wale tunda pembeni. Wimbi ulioachwa ukachacha kabla ya kupikwa uji hutoa chuma chake kwa urahisi zaidi kuliko usiochachushwa. Na omena, ambao wengine huwadharau kuwa ni chakula cha maskini, ni nyama kamili. Chuma chao huingia mwilini pasipo kubembelezwa, tena husaidia cha mboga kuingia.

Linabaki jambo zito kulisema katika nchi ya chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga na maharagwe kisiingie. Ile rangi nyekundu inayopendeza katika kikombe hushikana na chuma tumboni kama wino ushikavyo karatasi. Hapana aliyemwomba Mkisii aache chai; ataiuza na ataikunywa, na ni haki yake. Ila kati ya chakula na kikombe ipite saa moja au zaidi. Kahawa nayo ina tabia hiyo hiyo. Nyumba nyingi hupika chai ya rangi asubuhi kwa viazi vitamu, na jioni kwa ugali na mboga, kisha zikashangaa kwa nini mboga haziongezi damu.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa katika pakiti utiwe chuma na madini mengine. Ni sheria njema, lakini haikifikii kinu cha kijijini. Karani anunuaye pakiti dukani hupata chuma hicho. Mkulima asagishaye mahindi yake mwenyewe hapati. Hapa, kinyume cha desturi, mwenye shamba amezidiwa na mwenye mshahara.

Liko pia jambo la bakuli. Katika nyumba nyingi nyama ikipikwa, maini na minofu huwekwa mbele ya baba na wageni wake, mama akala mchuzi na mfupa jikoni. Mume hana hedhi wala mimba. Haja yake ya chuma ni ndogo kuliko ya mkewe, naye ndiye alaye chuma kizuri kuliko vyote. Desturi hiyo ilitungwa na watu waliokaa mezani, si na waliosimama jikoni, na mwanamume aliyesoma aweza kuibadili bila kuitisha baraza: asogeze bakuli tu.

Kliniki ya waja wazito iko, na vidonge viko. Mja mzito hupewa kidonge kimoja kila siku chenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki, bila malipo katika vituo vya serikali. Huja mapema, kabla mimba haijapita miezi mitatu, hupimwa himoglobini yake, na ikiwa chini ya gramu 11 katika kila desilita ya damu huhesabiwa kuwa ana upungufu. Lakini muuguzi hawezi kuijua hamu asiyoambiwa, na wanawake wengi huificha.

“Mama, kuna kitu unachotamani kula siku hizi?” huuliza muuguzi.

“Hapana, sista. Chakula cha kawaida tu.”

“Hata odowa?”

Mama hutazama chini, akacheka kidogo. “Kidogo tu, sista. Kwani ni vibaya?”

Mficha uchi hazai, husema Waswahili, na hapa methali yenyewe yakaribia kuwa maneno ya daktari. Muuguzi mwema hamkaripii mama huyo. Huandika katika kitabu chake, humpima damu na choo, humpa dawa ya minyoo ikiwa mimba imekwisha kupita miezi mitatu ya kwanza, na kumwuliza kama analala chini ya chandarua. Akikaripiwa, mara ya pili atasema hapana na kushikilia hapana yake.

Vidonge vina adabu yake. Huleta kichefuchefu, hufunga choo kwa wengine, na choo huwa cheusi kama lami. Mama asiyeambiwa mapema hushtuka na kuvitupa chini ya kitanda. Weusi huo ni chuma kilichobaki tu, wala si damu. Akivimeza usiku pamoja na chakula kidogo, kichefuchefu hupungua. Akivimeza kwa chai, amevimeza bure. Akivimeza kwa juisi ya chungwa, amefanya vema. Asivile pamoja na udongo, maana udongo hauchagui kati ya chuma cha mboga na chuma cha serikali.

Vidonge hivyo visigawanywe. Mama mwenye huruma humwona mtoto wake amepauka akamkatia kipande cha chake. Afanyapo hivyo hufanya hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba vidonge kadhaa vya chuma vyaweza kumwua mtoto mdogo kama sumu, kwa hiyo viwekwe juu, asipofika. Ya pili ilijulikana katika kisiwa cha Pemba. Huko maelfu ya watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku katika uchunguzi mkubwa. Mwaka 2003 wachunguzi walilazimika kuacha kuwapa, kwa sababu waliokuwa wakipewa walilazwa hospitali na kufa zaidi ya wenzao. Habari zake zilichapishwa mwaka 2006. Mahali penye malaria, mtoto hapewi chuma kabla hajapimwa, na malaria yake kukingwa na kutibiwa. Tena si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Magharibi ya Kenya wako watoto waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao chembe za damu huwa na umbo la mundu na kuvunjika upesi. Mtoto huyo chuma si dawa yake, na mzazi hawezi kumtambua kwa kumtazama.

Wanafunzi wa shule za msingi hupewa dawa ya minyoo shuleni katika sehemu zenye minyoo mingi, mpango ulioanza mwaka 2009. Dawa huua minyoo iliyomo, haizuii mingine kuingia kesho. Choo kilichochimbwa na kufunikwa, pamoja na viatu miguuni shambani, ndivyo vinavyofunga mlango. Mvunaji wa chai avaaye aproni ya plastiki mpaka magotini na kutembea pekupeku amejikinga na umande tu.

Kwa mama aliyekwisha kuzoea odowa, kuacha ghafula ni kugumu, na wauguzi wenye uzoefu humshauri apunguze fungu kwa fungu huku vidonge vikiendelea. Damu ikirudi kuwa kamili, vidonge huendelea bado kwa muda wa miezi mitatu hivi, kwa sababu damu hujazwa kwanza na ghala la mwili hujazwa mwisho. Aachaye siku ajisikiapo ana nguvu hurudi kwenye lile gunia la sokoni kabla mtoto hajaanza kutambaa.